Kabla hatujasema "anadeka": tathmini ya zana nne za kutafuta kusudi la tabia ya mtoto

Kitengo chetu cha elimu maalumu kimo ndani ya shule ya msingi ya kawaida mkoani Tanga, nacho kina wanafunzi 19 wenye ulemavu wa akili au usonji na walimu wawili. Kwa mihula miwili mfululizo tumekuwa tukitumia zana nne, nyingi zikiwa na asili ya Marekani, ambazo kazi yake ni kumsaidia mtu mzima kujua mtoto anapata nini au anakwepa nini kila anapojipiga, anapong'ata, anapotupa vitu au anapotoka darasani mbio. Mbili kati yake ni madodoso yanayojazwa na mtu anayemfahamu mtoto, ya tatu ni karatasi ya kuandikia kinachoonekana kwa macho, na ya nne ni jaribio fupi linalofanyika palepale darasani. Walimu wa vitengo vingine na wazazi kadhaa wameniuliza ipi kati ya hizo inastahili muda wao. Nitajibu kwa kadiri tulivyozitumia, nikisema pia zilipotupotosha.

Zana hizi zote zimesimama juu ya hoja moja, kwamba tabia inayojirudia hujirudia kwa kuwa kuna kitu inamletea mtoto. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Edward Carr alipitia maelezo yaliyokuwa yametolewa kuhusu watu wanaojiumiza, akaonyesha kuwa tendo lilelile moja linaweza kuwa na sababu mbalimbali. Mwaka 1982 mtafiti wa tabia Brian Iwata na wenzake, wakiwa Baltimore, Marekani, waliligeuza wazo hilo kuwa jaribio. Waliwapitisha watoto na vijana 9 waliokuwa wakijiumiza katika hali nne, dakika 15 kila moja. Katika hali ya kwanza mtu mzima alijishughulisha na mambo yake, akamgeukia mtoto kwa maneno ya kumjali pale tu alipojiumiza. Katika ya pili mtoto alipewa kazi ya kujifunza, na kazi ikasitishwa kila alipojiumiza. Katika ya tatu aliachwa peke yake bila kitu cha kuchezea. Na ya nne ilikuwa ya kucheza, ili wapate cha kulinganishia. Kwa 6 kati ya wale 9, kujiumiza kulipanda katika hali fulani mahususi, na hali hiyo haikuwa moja kwa wote. Kila zana ninayoieleza hapa ama ni njia ya mkato ya kufikia jibu la jaribio lile, ama ni jaribio lenyewe lililopunguzwa ili liweze kuingia darasani.

Mtoto aliyetufanya tuzitafute zana hizi ni msichana wa miaka 9 asiyezungumza, ambaye hujing'ata mkono wa kulia chini kidogo ya kidole gumba, mahali ambapo ngozi imeshakuwa sugu na ina alama mbili za meno ambazo hazifutiki hata baada ya likizo ndefu. Alipofika kwetu kila mtu alikuwa na jibu lake tayari, na jibu lilikuwa moja tu: anadeka, anataka aangaliwe. Neno hilo tunalitamka kwa wepesi mno, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu mtoto anayedhaniwa kudeka hupuuzwa au huchapwa, na yote mawili huweza kuikuza tabia ile ile tunayotaka iishe. Iwata na wenzake walipochapisha mwaka 1994 muhtasari wa kesi 152 za watu wanaojiumiza, kundi kubwa kuliko yote, asilimia 38.1, lilikuwa la wanaojiumiza ili kukwepa kazi au jambo wasilolitaka. Waliokuwa wakipata uangalizi, chakula au vitu walikuwa asilimia 26.3, na asilimia 25.7 walifanya hivyo kwa sababu iliyomo ndani ya mwili wao wenyewe, bila kumtegemea mtu mwingine yeyote. Takwimu hizo zilikusanywa kwa miaka mingi huko Marekani, wala sizihamishii darasani kwetu. Lakini zinatosha kumfanya mwalimu asite kidogo kabla ya kutamka neno "anadeka".

Tulianza na kipimo cha motisha kilichotolewa na Mark Durand na Daniel Crimmins mwaka 1988. Ni dodoso la maswali 16, kila swali likipewa alama kuanzia 0 kwa "kamwe" hadi 6 kwa "daima", na mwishoni alama hujumlishwa katika mafungu manne: raha ya mwili, kukwepa, kuangaliwa, na kupata kitu. Uzuri wake ni kwamba linajazwa kwa muda wa kunywa chai na hesabu yake haihitaji zaidi ya kujumlisha. Tulilijaza watu watatu, kila mmoja peke yake: mimi, mwalimu mwenzangu, na bibi anayemlea mtoto huyu. Langu lilisema anatafuta kuangaliwa. La mwenzangu lilisema anakwepa. La bibi lilisema anataka kitu, na alipoulizwa ni kitu gani alijibu kwa uhakika kuwa ni redio. Watu watatu wanaompenda mtoto mmoja na kuishi naye kila siku walitoa makusudi matatu, na dodoso lenyewe halina njia yoyote ya kuonyesha nani kati yao amekosea.

Jambo hilo halikutupata sisi peke yetu. Mwaka 1991 Jennifer Zarcone na wenzake waliwapa wafanyakazi wawiliwawili dodoso hilihili ili wawajazie watu 55 wanaojiumiza, wakakuta kukubaliana kwao ni hafifu sana. Kikundi cha Iwata chenyewe kilipotengeneza dodoso jingine la maswali 16 na kulilinganisha na majaribio halisi, katika makala ya mwaka 2013, majibu yaliwiana katika kesi zilizo chini kidogo ya theluthi mbili, na watengenezaji hao wakasema bayana kuwa dodoso lao ni la kuchuja na kufungulia mazungumzo, si la kutolea uamuzi. Uungwana huo wa watengenezaji haukutufikia katika mafunzo tuliyopewa, ambako tulikabidhiwa madodoso kana kwamba ni kipimajoto.

Dodoso la pili, la Johnny Matson na Timothy Vollmer, la mwaka 1995, ni refu zaidi na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Lina maswali 25 katika mafungu matano, maswali matano kwa kila fungu, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 3. Fungu la tano, ambalo halimo katika lile la kwanza, linauliza kuhusu maumivu na ugonjwa. Mwalimu wa kitengo anajua uzito wa swali hilo. Mtoto asiyezungumza hawezi kusema sikio linamuuma, hana njia ya kueleza minyoo, na homa yake huonekana kwanza kama utukutu. Tulikuwa na mvulana wa miaka 11 aliyekuwa akijipiga taya kwa ngumi, na mama yake alipojaza dodoso, alama za fungu la maumivu zilizidi nyingine zote. Tulimshauri ampeleke kwa daktari wa meno, na gego lililooza likang'olewa. Kujipiga kulipungua sana, ila hakukukoma. Kulibaki kipindi cha hesabu, kama kwamba mtoto alikuwa amejifunza katika miezi ile ya maumivu kuwa ngumi kwenye taya huwafanya walimu waondoe vitabu. Tabia iliyoanza kwa kusudi moja ilikuwa imepata kusudi la pili, na dodoso liliona la kwanza tu. Hata hivyo, kwa fungu hilo moja la maswali matano ninalithamini dodoso hili kuliko kurasa nyingi za fomu nyingine tunazojaza kila muhula.

Tatizo lake kwetu ni lugha na maisha yenyewe. Tulilitafsiri kwa pamoja jioni mbili, na mahali palipotushinda zaidi ni ngazi za alama. Tofauti kati ya "mara chache" na "mara nyingine" haikuwa na maana kwa walezi wengi, kwa hiyo tuliacha maneno hayo na kuuliza ni siku ngapi katika wiki, ndipo majibu yalipoanza kutulia. Kuna pia heshima, ambayo katika jambo hili hutuponza: mzazi akikaa mbele ya mwalimu wa mtoto wake hupenda kumjibu lile analodhani mwalimu anataka kulisikia, na maneno "kama unavyoona wewe, Mwalimu" nimeyasikia mara nyingi kuliko jibu lingine lolote. Ni afadhali mlezi asomewe maswali na mtu asiyemfundisha mtoto wake.

Halafu kuna maswali yanayotaka kujua kama mtoto hufanya tabia hiyo akiwa peke yake. Nilipomsomea bibi swali la namna hiyo, alinitazama kwa mshangao, akasema, "Peke yake lini, Mwalimu? Huyu hata chooni anasindikizwa." Alikuwa na haki. Mtoto huyu analala chumba kimoja na binamu zake watatu, anakuja shule ameshikwa mkono na dada yake, anakaa darasani na wenzake 18, na mchana wote yumo uani pamoja na majirani. Dodoso lilitungwa mahali ambapo mtoto anaweza kufungiwa mlango akabaki na vitu vyake, na mlezi akajua kilichotokea humo. Kwetu swali hilo hujibiwa kwa kubahatisha, na fungu zima la raha ya mwili hubaki limesimama juu ya kubahatisha huko. Tumeamua kulijibu kwa kumtazama mtoto wakati watu wapo lakini hakuna anayemshughulikia, kwa mfano baada ya uji, wakati vikombe vinakusanywa na kila mtu mzima ana kazi yake.

Zana ya tatu ndiyo iliyobaki mezani kwangu. Ni karatasi yenye safu tatu, kabla, tabia na baada, ambayo chimbuko lake huhusishwa na makala ya Sidney Bijou, Robert Peterson na Marion Ault ya mwaka 1968 kuhusu namna ya kumtazama mtoto katika mazingira yake ya kawaida. Sisi tuliipigia mistari kwenye kaunta buku, tukaongeza safu nyembamba ya saa upande wa kushoto, na hiyo pamoja na kalamu ndiyo gharama yote. Ugumu wake ni wa mkono na jicho. Wiki ya kwanza kurasa zetu zilijaa maneno kama "amekasirika tu" na "bila sababu", maneno ambayo hayasemi chochote. Tulikubaliana kuandika kile tu ambacho mtu aliyesimama mlangoni, asiyemjua mtoto, angeweza kukiona na kukisikia. Tangu hapo maandishi yalibadilika. Ninanakili mstari mmoja kama ulivyo: "Saa 3:20. Kabla: nilimshika mkono kumwongoza kushika penseli. Tabia: aliguna, akajing'ata. Baada: niliachia mkono, nikampangusa mate, nikamwambia basi."

Baada ya wiki mbili tulikuwa na mistari 17 ya namna hiyo kuhusu msichana yule. Nilikaa nayo jioni baada ya wanafunzi kuondoka, nikapitisha kidole kwenye safu ya "kabla", nikakuta "nilimshika mkono" au maneno yanayofanana nayo mara 11. Mwandiko ulikuwa wangu, na mtenda wa tendo lile pia alikuwa ni mimi. Nilimfundisha mtoto huyu kwa kuushika mkono wake ndani ya wangu, kwa upole na kwa nia njema, kama nilivyofundishwa chuoni, na katika muda wote huo sikuwahi kufikiria kwamba mkono anaoung'ata ni uleule ninaoushika. Iliniuma, na bado inaniuma. Hakuna swali hata moja katika madodoso mawili lililonifikisha hapo, kwa sababu dodoso linauliza ninachokiamini kuhusu mtoto, na nilichokiamini ndicho kilichokuwa kikinificha.

Karatasi hii ina udhaifu wake, na mtumiaji anapaswa kuujua. Safu ya "baada" hupotosha kwa urahisi. Mtoto akijing'ata, mtu mzima yeyote mwenye utu atamkimbilia, atamshika, atamsemesha. Kwa hiyo katika safu hiyo uangalizi utaonekana karibu kila mstari, na msomaji mwenye haraka atahitimisha kuwa uangalizi ndio kusudi, tena atarudi palepale kwenye "anadeka". Kinachoambatana na tabia si lazima kiwe ndicho kinachoiendesha. Ninashauri safu ya "kabla" isomwe kwanza, na safu ya "baada" isomwe kwa swali moja tu: ni nini kilichokoma au kilichoondolewa baada ya tabia ile? Katika mistari yetu, mkono uliachiwa kila mara.

Pembeni ya karatasi hiyo tulibandika chati ya saa, mtindo uliopendekezwa na Paul Touchette na wenzake mwaka 1985, ambapo siku huandikwa juu, nusu saa huandikwa pembeni, na kijisanduku hupakwa rangi kila tabia inapotokea. Haikuambii kwa nini, lakini inakuonyesha lini, na kwa darasa lenye watoto wengi ni ahueni kubwa, kwa sababu kupaka kijisanduku ni kazi ya sekunde mbili. Chati yetu ilikuwa nyeusi Jumanne na Alhamisi asubuhi, vipindi vya kuandika na kushona shanga, na nyeupe Ijumaa yote.

Zana ya nne ni jaribio lenyewe, katika umbo dogo. Jeff Sigafoos na mwenzake walilieleza mwaka 1995, na wengine wameliendeleza baadaye, wakiligawa katika vipande vya dakika mbili hivi ambavyo mwalimu anaweza kuvichomeka ndani ya vipindi vya kawaida: kipande kimoja ambacho kisababishi kinachodhaniwa hakipo, kisha kipande ambacho kipo, na tabia ikitokea kisababishi kinaondolewa mara moja. Hatukuligusa mpaka tulipopata ridhaa ya bibi, na nesi wa zahanati ya jirani alipoutazama mkono wa mtoto na kutuambia kidonda cha namna gani kitatulazimu kuacha. Hata Iwata na wenzake, hospitalini, waliwapima watoto kwanza na kuweka pamoja na madaktari mpaka ambao ukivukwa jaribio linasimama. Sisi tuliongeza tahadhari moja zaidi. Kwa kuwa kaunta buku ilikuwa imetuonyesha kwamba msichana huyu huguna kabla ya kung'ata, tulihesabu mguno, na tukauachia mkono pale tu alipoguna, ili asihitaji kufika kwenye meno. Njia hii ya kupima dalili inayotangulia inakubalika pia miongoni mwa wataalamu, na kwa mwalimu ndiyo pekee ninayoweza kuitetea kwa dhamiri safi.

Tulifanya vipande kumi vya kila aina kwa siku tano. Alipokuwa na shanga zake bila kushikwa, aliguna mara moja. Aliposhikwa mkono, aliguna mara nane. Tulipojaribu hali ya uangalizi, yaani mimi kumpa mgongo nikisahihisha madaftari huku nikiwa tayari kumgeukia akiguna, aliguna mara mbili tu, akaendelea kushona shanga kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona nilipokuwa nimemkalia karibu. Ndani ya wiki moja suala lililogawanya madodoso matatu lilikuwa limepata jibu ambalo sote watatu tuliweza kulitazama kwa pamoja. Bibi alikuja siku ya nne, akakaa kwenye benchi la nyuma, na baada ya kipande cha tatu akasema taratibu, "Kumbe hataki kushikwa."

Mwaka 1985 Carr na Durand walionyesha kuwa mtoto akifundishwa njia nyingine ya kuomba kile ambacho tabia ilikuwa ikimpatia, tabia hupungua, na hapo ndipo thamani ya kujua kusudi inapoonekana. Kama tungeamini dodoso langu, tungemfundisha kutuita, jambo ambalo hakulihitaji. Badala yake tulimfundisha kunyoosha kiganja mbele kumaanisha "basi", na kila akikinyoosha mkono wake unaachiwa, hata kama herufi imefika nusu. Ilichukua wiki tatu. Sasa ninamwekea nukta za kufuatisha na kukaa upande wa pili wa meza, na herufi zake zimepinda, lakini ni zake. Bado hujing'ata siku anapoumwa au kelele zinapozidi, na kwa siku hizo tunalirudia lile fungu la maswali matano kuhusu maumivu.

Kwa anayetaka kuanza kesho, pendekezo langu ni kaunta buku na chati ya saa kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote, kisha fungu la maumivu la dodoso la Matson na Vollmer, likisomwa na mtu mwingine kwa mlezi, na mafungu mengine ya dodoso hilo yatumike kama maswali ya kuongozea mazungumzo. Dodoso la Durand na Crimmins nimelirudisha kabatini. Jaribio la dakika mbili ninalipendekeza kwa tabia zisizoweza kumjeruhi mtoto vibaya, na mahali ambapo kuna dalili inayotangulia. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani au anayejichoma macho asijaribiwe darasani na mwalimu, apelekwe kwa wataalamu wenye daktari karibu. Kwa wenye uzoefu zaidi, njia iliyochapishwa na Gregory Hanley na wenzake mwaka 2014, ya kuanza na mahojiano huru na kisha kujaribu hali moja tu iliyotungwa kutokana na maelezo ya wazazi, inaonekana kuwa na heshima zaidi kwa maarifa ya nyumbani, ingawa hatujaitumia.

Kasoro ya jaribio kwetu ni kwamba linahitaji watu wazima wawili, mmoja wa kufanya na mmoja wa kushika saa na kuandika. Muhula huu mwalimu mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo jaribio la yule mvulana anayejipiga taya wakati wa hesabu limesimama hadi atakaporudi. Kaunta buku yake, hata hivyo, inaendelea, na kati ya mistari tisa iliyopo hadi sasa, saba ina kutoa kwa kukopa katika safu ya "kabla".